Upishi Uliojifunzwa Ukubwani: Habari za Jiko katika Mitaa ya Eastlands



Ni desturi ya taarifa yetu ya mwaka kwamba baada ya hesabu ya fedha, na baada ya majina ya wenzetu waliofariki, huwekwa kurasa chache za habari za kale, ili watoto waliozaliwa mitaani humu wapate kujua waliowatangulia waliishije. Mwaka huu Kamati imetutaka tuandike habari za wapishi.

Sababu yake mnaijua. Wako wanachama wetu, wengi wao akina mama na wachache akina baba, waliokwisha kupita miaka 40, na wengine wamepita 50, ambao wameomba mfuko wa elimu uwasaidie kulipa ada ya mafunzo ya upishi na ada ya mtihani wa serikali. Ombi lao lilipozungumzwa yalitoka maneno ya namna mbili. Wengine walisema mfuko ule ni wa watoto wa shule, wala haifai mtu mwenye wajukuu kushindania karo na kijana aliyemaliza kidato cha nne. Wengine walisema njaa haiulizi umri. Uamuzi ni wa Kamati, nasi hatukutumwa kuamua. Lakini tulipopekua habari za mitaa hii tuliona jambo moja ambalo halikutajwa na upande wowote, nalo ni kwamba katika Eastlands upishi wa mshahara tangu mwanzo ulikuwa kazi ya watu walioianza hali wamekwisha kuwa watu wazima. Mgeni katika kazi hii ni kijana. Mzee ni mwenyeji.

Tuanze na Kariokor. Kila mmoja wetu amepita sokoni pale akanunua kiondo au akala nyama ya kuchoma, lakini si wote wakumbukao kwamba jina lile limetokana na maneno ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918. Vijana na wanaume wa makabila yote ya nchi hii walichukuliwa, wengi kwa nguvu, kubeba mizigo ya majeshi ya Waingereza hadi nchi ya Wadachi, ambayo ndiyo Tanzania ya leo. Walikufa maelfu kwa maelfu, na waliouawa na maradhi walizidi mbali waliouawa na risasi. Katika maradhi hayo kuhara damu kulikuwa na sehemu kubwa, na moja ya sababu zake ilikuwa chakula chenyewe: unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa nusunusu na watu waliochoka, ambao wengi wao walizoea wimbi, mtama au ndizi, wala hawakuwahi kusonga ugali maishani mwao. Kwao kazi ile ilikuwa ya mama na dada. Tunalitaja jambo hili mapema kwa kuwa yuko mtu aliyesema mkutanoni kuwa upishi haufundishwi, kila mtu hula na kila mtu aweza kupika. Wapagazi wale walikula, na wengine walikufa kwa kile walichokipika.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 manispaa ilijenga Kariokor nyumba za wafanyakazi Waafrika, na baadaye zikafuata Shauri Moyo, Ziwani na mitaa mingine. Shirika la reli nalo lilikuwa na landhi zake Muthurwa na nyumba zake Makongeni. Sehemu kubwa ya nyumba hizo ilipangwa kwa ajili ya mwanamume aliyeacha mke wake shambani: chumba, kitanda, na mahali pa kuwasha moto pamoja na wenzake. Serikali ya wakati ule ilimtaka mtu mjini kwa nguvu za mikono yake tu, na ilitaraji kwamba siku nguvu hizo zikiisha atarudi kwao. Basi mwanamume wa Nairobi alipika kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumpikia. Tumewasikia wazee wakicheka na kusema kwamba waliporudi nyumbani kwa likizo hawakuthubutu kugusa mwiko mbele ya mama zao, wakaketi nje wakingoja kuandaliwa, ijapokuwa huku Nairobi ndio waliokuwa wakisifiwa kwa maharage.

Kutoka hapo hadi upishi wa mshahara haikuwa mbali. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Desemba 1904, na kadiri mji ulivyokua, nyumba za Wazungu za Muthaiga na za kule juu kilimani zilihitaji wapishi, na nyumba za Wahindi za Parklands kadhalika. Njia iliyojulikana ilikuwa kuanza kama toto wa jikoni, mwosha sufuria na mchanja kuni, kisha boi wa mezani, kisha mpishi. Lakini si kila mtu aliifuata njia hiyo tangu utotoni. Wengi waliingia jikoni baada ya kuwa wapagazi, au askari, au vibarua wa mashamba, wakaanza chini kwa kuosha sufuria hali wana wake na watoto. Mwalimu alikuwa mpishi aliyetangulia: Mswahili kutoka pwani, au Mgoa wa hotelini, au Mjaluo au Mluhya aliyefika miaka michache mbele. Hapakuwa na darasa, wala saa ya masomo. Mwanafunzi alitazama mkono wa mwenzake, akakariri. Joto la tanuri la stovu ya kuni lilipimwa kwa mkono, si kwa chombo.

Mwaka 1928 chama cha wanawake wa kanisa la Kiskoti la St. Andrew's hapa Nairobi kilitoa kitabu cha mapishi kwa ajili ya walowezi, kiitwacho The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide, ambacho kilichapwa tena na tena kwa miaka mingi. Kitabu kile kilikuwa cha memsabu. Yeye alisoma, akatoa amri kwa Kiswahili cha jikoni, na mpishi akasikia na kutenda. Basi tufikirieni hali ile: mtu mzima, pengine hajui kusoma, anafundishwa chakula asichokijua, ambacho hataketi mezani kukila, kwa lugha ambayo si ya mwalimu wala si ya mwanafunzi, na kesho yake anatakiwa akipike bila kosa. Na wakakipika. Kwa maoni yetu hakuna mtihani wa leo ulio mgumu kuliko huo.

Mwaka huo huo wa 1928 ndio ulioandikwa juu ya kitabu kingine, nacho kilikuwa cha mpishi mwenyewe. Hiki ni kile kitabu chekundu cha mfukoni, rejista ya watumishi wa nyumbani, kilichotolewa kwa nguvu ya sheria ya kuwaandikisha watumishi. Kipande walichukua wanaume wote, lakini kitabu chekundu kilikuwa cha mtumishi wa nyumba. Ndani yake waliandika jina, kabila, kimo, sura ya pua na mdomo, nywele, meno na makovu, kama mtu aandikavyo alama za ng'ombe, na baada ya hapo kila bwana aliyemwajiri mtumishi aliandika maoni yake kabla ya kuagana naye.

Kitabu kimoja cha namna hiyo kimejulikana duniani kote, kwa kuwa mwenyewe alikuwa Hussein Onyango Obama, babu yake Barack Obama aliyekuja kuwa rais wa Marekani mwaka 2009. Mjukuu alikionyeshwa kitabu kile alipokuja Kenya, akaeleza yaliyomo katika kitabu chake Dreams from My Father, kilichotoka mwaka 1995. Mzee Onyango alizaliwa upande wa Kendu Bay mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, akaja Nairobi, akawa mpishi wa Wazungu kwa miaka mingi. Katika nafasi ya meno yake paliandikwa kuwa sita hayapo. Mzee yeyote wa Kijaluo angeweza kumweleza karani sababu yake, maana yaling'olewa kwa desturi. Kisha zikafuata hukumu. Bwana mmoja aliandika kuwa anajua kusoma na kuandika Kiingereza, hufuata maelekezo yoyote ya mapishi, na tena ni hodari wa vitu vya kuoka. Mwingine, daktari, aliandika kuwa mpishi huyu anaweza kazi, ila kazi yenyewe ni ndogo kwake. Wa tatu alikaa naye wiki moja tu, akaandika kuwa hafai, wala hastahili shilingi 60 kwa mwezi.

Tumeyasoma maneno hayo mara nyingi. Mtu ni mmoja, mkono ni mmoja, na unga ni ule ule. Lakini cheti chake kilikuwa mikononi mwa kila aliyemlipa mshahara, na neno la wiki moja lilikaa ukurasani sawa na neno la miaka. Hapakuwa na mahali ambapo mpishi angeweza kwenda akasema, nipimeni ninyi msionijua, mnipe karatasi yangu. Hilo ndilo wazazi wetu walilolikosa. Ujuzi walikuwa nao.

Sasa tuwageukie akina mama, kwa kuwa habari za wapishi zikisimuliwa huishia mara nyingi kwa wanaume wa vitabu vyekundu. Katika kijiji cha Pangani, na baadaye Pumwani iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wanawake wengi walijenga nyumba zao wenyewe wakawa wenye nyumba, jambo ambalo makwao halikuwezekana kwa urahisi. Waliishi kwa kodi ya vyumba na kwa kazi nyingine za mji ambazo zimekwisha kusemwa sana na watu wasiowatakia heri. Waliuza pia chakula: uji wa alfajiri kwa wanaokwenda kazini, chai, maandazi, maharage, chapati. Mwanamke aliyefika kutoka bara akapokelewa na mama wa Kiislamu wa Pumwani alijifunza humo mapishi ya pwani ambayo mama yake mzazi hakuyajua. Pilau, vitumbua na mbaazi za nazi havikuzaliwa Murang'a wala Machakos. Vililetwa mjini vikafundishwa, mwanamke kwa mwanamke, na aliyefundishwa mara nyingi alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuolewa na kuachwa, au kufiwa. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa, ikawa mwaka 1939, watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo, walihama na masufuria yao na wateja wao.

Hawa hawakuandikiwa kitabu cha rangi yoyote. Machoni pa manispaa mwanamke wa sufuria kando ya njia hakuwa mpishi, alikuwa mvunja sheria ya uchuuzi, na mateke ya askari wa mji juu ya sufuria ya uji ni habari ambayo kizazi hata kizazi katika mitaa hii kinaweza kuisimulia. Tazameni basi kinyume hiki: nyumbani mwanamume alikatazwa jiko, na mjini yeye ndiye aliyelipwa kwalo; mwanamke aliyezaliwa kwenye jiko, mjini alifukuzwa nalo barabarani.

Vita ya pili iliwachukua tena watu. Askari wa King's African Rifles walikwenda Uhabeshi, Madagaska na Burma, na pamoja nao wapishi. Mzee Onyango tuliyemtaja alikuwa amepita miaka 40 alipofuatana na ofisa wa Kiingereza kama mpishi wake, akafika Burma. Soko la Burma lililo karibu na Shauri Moyo linatunza jina la nchi ile hata leo, na nyama yake haijashuka sifa. Waliorudi walikuwa wamezoea kupikia mamia kwa wakati mmoja, kwa kipimo na kwa saa, na wengine waliutumia ujuzi huo katika vihoteli vya Pumwani na Kaloleni.

Hapo ndipo serikali ilipoanza kufikiri juu ya kuwafundisha watu wazima. Shule ya Jeanes iliyoko Kabete, iliyoanzishwa mwaka 1925, ilipokea baada ya vita watu wazima kwa kozi fupi fupi, wakiwamo wanawake waliofundishwa upishi, ushonaji, usafi wa nyumba na malezi ya watoto. Kutokana na kazi hiyo kikatokea chama cha Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952. Mafunzo yale yalisaidia nyumba nyingi, na hatuyadharau. Lakini shabaha yake ilikuwa mke mwema wa nyumba, si mwanamke mwenye kazi na mshahara. Alifundishwa kuoka keki, hakufundishwa kuuza keki.

Kisha ikaja Hali ya Hatari. Tarehe 24 Aprili 1954 mitaa yetu ilizingirwa na askari katika operesheni iliyoitwa Anvil, na Wagikuyu, Waembu na Wameru kwa makumi ya maelfu wakachukuliwa kwenda vizuizini au kurudishwa makwao. Wengine wao walikuwa wapishi na watumishi wa mahoteli. Nafasi zao zikajazwa kwa haraka na watu wa makabila mengine, ambao wengi hawakuwahi kushika kazi ile. Wako walioipata riziki yao siku hiyo kwa msiba wa jirani. Ni habari chungu, na katika chama chenye watu wa kila kabila tumeona afadhali kuiandika kuliko kuificha.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, utalii ukakua, na mahoteli makubwa yakajengwa katikati ya mji. Hilton ilifunguliwa mwaka 1969. Serikali ikaona kuwa haiwezi kuendelea kutegemea wapishi wa kigeni. Ikatoza mahoteli na mikahawa ushuru wa mafunzo, na kwa msaada wa serikali ya Uswisi, nchi ambayo shule yake ya hoteli ya Lausanne imefundisha tangu mwaka 1893, Chuo cha Utalii kilifunguliwa mwaka 1975, kikajengewa makao yake kando ya barabara ya Thika, si mbali na mitaa yetu. Chuo hicho ni fahari ya Kenya, na wapishi wake wanafanya kazi hata Ughaibuni. Tangu hapo mpishi akawa mtu wa kofia nyeupe na diploma, na hilo lilikuwa jambo jema.

Hata hivyo kila mlango mpya una kimo chake. Kozi kamili za namna hii hutaka cheti cha shule ya sekondari, na mwaka 1975 ni wangapi kati ya wapishi wenye miaka 40 waliokuwa na cheti hicho? Ziliwekwa pia kozi fupi kwa wale waliokwisha kuwa kazini, ambazo ziliwafaa waliotumwa na waajiri wao. Asiye na mwajiri wa kumtuma, mathalan mama wa kibanda cha Gikomba, alibaki alipokuwa.

Kwa huyu wa mwisho ulikuwapo mlango mwingine, mdogo, ambao watu wetu wengi hawaujui, nao ni mtihani wa ufundi wa serikali, ule uitwao tredi testi. Asili yake ni Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ya mwaka 1959, na tangu mwaka 2011 umesimamiwa na mamlaka iitwayo NITA. Mtihani huu una daraja tatu, daraja la tatu likiwa la chini na la kwanza likiwa la juu, na upishi ni moja ya kazi zinazopimwa. Hauanzi kwa kuuliza ulisoma wapi. Mtahiniwa huja, hupika mbele ya mpimaji asiyemjua, na hujibu maswali. Ndiyo karatasi ile ambayo wapishi wa kitabu chekundu hawakuwa na pa kuiomba. Na katika miaka ya karibuni serikali imeanza pia mpango wa kuutambua rasmi ujuzi alioupata mtu kazini bila kupita darasani, apimwe kwa ule aujuao.

Sasa tuseme wazi yale tuliyoyaona kwa wenzetu waliokwisha kujaribu, maana si haki kuwapeleka watu bila kuwaambia njia ilivyo. Mama aliyepika pilau ya matanga kwa watu 300, katika masufuria makubwa yanayofuliwa na mafundi wa Kamukunji, haogopi moto wala wingi wa watu. Anajua kwa harufu kitunguu kimefika wapi. Anajua kupunguza makaa chini na kuyatia juu ya kifuniko ili wali uive bila kuungua. Jambo hilo kijana wa chuo hulijifunza kwa shida. Lakini mama huyo hupima kwa kiganja, na mtihani hutaka gramu. Huambiwa aandike bei ya sahani moja, akahesabu nyama, mafuta na mchele, akasahau makaa, chumvi na jasho lake mwenyewe. Na hapo ndipo wengi hugundua kwa nini kibanda kimewalisha wateja miaka kumi bila kuwaachia akiba. Huulizwa joto, naye hakuwahi kulipa joto namba. Hapo hana budi kukariri kwamba chakula cha moto hutunzwa juu ya nyuzi 60, na cha baridi chini ya nyuzi 5, na kwamba kati ya hizo mbili ndipo vijidudu huzaana. Ubao wa nyama mbichi hauguswi na kachumbari. Haya si ya kuonea haya. Wapagazi wa Carrier Corps wangeambiwa mambo kama hayo kwa wakati, wengi wangerudi kwao.

Macho nayo huchoka. Mwenye miaka 55 huhitaji miwani kabla ya kuhitaji kisu, na Kamati ikiamua kusaidia, tungependa iifikirie miwani pamoja na ada. Kusimama siku nzima juu ya sakafu ya saruji kunauma magoti. Tena yapo madarasa ambayo mwalimu ana umri wa mwanao wa tatu. Wengine walipoitwa kwa jina tupu mbele ya vijana waliona wamevunjiwa heshima, wakaacha. Tunawasihi wasiache kwa sababu hiyo, na tunawasihi walimu wamwite mama, mama.

Mwenye kuona haya na amkumbuke Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Si mbali nasi: mwaka 2008 alihamia Nairobi, akaishi katika nyumba ya wazee, akaendelea na masomo katika shule ya msingi ya upande wa Kariobangi hadi karibu na kufa kwake mwaka 2009. Na ngumbaru si jambo geni kwetu, maana tangu kampeni ya kufuta ujinga ya mwaka 1979 kumbi za mitaa hii zimejaa wazazi wenye kalamu.

Wako watakaouliza, na kazi iko wapi? Swali ni la haki. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalifunga mahoteli, na watu waliokuwa na kofia nyeupe wakarudi mitaani kwetu bila kazi. InterContinental ilifungwa mwaka huo, na Hilton ikafuata mwishoni mwa 2022. Diploma haikuwakinga. Wengi wao waliwasha jiko la makaa nje ya mlango, lile jiko la bati na udongo ambalo mafundi wa Shauri Moyo wamelitengeneza tangu miaka ya 1980, wakauza chapati na supu ubavuni mwa wale mama wasio na cheti, na siku za mwanzo akina mama ndio waliowafundisha bei. Kwa upande mwingine, mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianza mpango wa chakula cha mchana shuleni uitwao Dishi na County, mzazi akitoa shilingi 5 kwa mlo, na majiko makubwa yakajengwa humo mjini. Jiko la namna hiyo halipikwi na wapishi wa keki peke yao. Linamtaka mtu asiyetishika na sufuria inayomzidi kimo, mwenye cheti cha afya kisichopitwa na tarehe, na karatasi ya kuonyesha kwamba amepimwa. Mbili za mwisho hupatikana kwa ada. Ile ya kwanza wenzetu wanayo tangu zamani.

Imebaki ombi moja kwa wanachama wote. Tungependa kukusanya habari za wapishi wa mitaa hii zaidi ya hizi. Mwenye kitabu chekundu cha baba au babu yake, au barua ya bwana aliyemwacha kazi, au picha ya hoteli ndogo iliyokuwa Pumwani, Kaloleni, Bahati au Makadara, na akilete kwa Katibu siku ya mkutano. Kitapigwa picha hapo hapo mbele ya mwenyewe, na atarudi nacho nyumbani siku ile ile.